Adabu ya Swali la Tisa

Chuoni walimwita Ushirikiano, naye alilipokea jina hilo kama sifa. Hakuna alichosema bila kupitia ng'ambo kwanza: "wenzetu wa ng'ambo wanaona," "kama nilivyomwambia profesa wa ng'ambo." Hata mlango wa ofisi yake ulipogoma kufungika, alimweleza fundi kwamba wenzetu wa ng'ambo wana vitasa vya aina nyingine kabisa. Fundi aliitikia kwa heshima, akaendelea kugonga patasi.

Alikuwa mhadhiri wa isimu, yaani mtu anayelipwa kuchambua lugha. Kwa miaka miwili chuo chake na chuo kimoja cha bara jingine vilikuwa vikitafiti upweke wa wazee. Ng'ambo walitunga maswali na kuhesabu majibu. Huku walitafsiri hojaji na kuwaendea wazee majumbani. Makala ilikwishakubaliwa, jina lake likiwa la mwisho kati ya tisa, na kwa jina hilo la mkiani alitarajia kupanda cheo awe mhadhiri mwandamizi. Kamati ingekaa Ijumaa. Kibao kipya cha mlangoni alikuwa ameshakichagulia mwandiko.

Matokeo yalitisha. Kati ya wazee mia nne, mia tatu sitini na wanane walikuwa wapweke. Profesa wa ng'ambo, mama mpole mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, alisema hajawahi kuona huzuni nyingi kiasi hicho kwenye jedwali moja. Ushirikiano alihuzunika naye, huku moyoni akichekelea, maana jedwali la kutisha husomwa na wengi.

Jumatano, siku ya kikao cha mwisho cha mtandaoni, alipitia nyumbani mchana kuchukua koti. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa sebuleni akishona pindo la sketi.

"Hujala?" akamuuliza bila kuinua macho.

"Ndiyo."

Mkewe akachomeka sindano kwenye kitambaa, akaingia jikoni, akarudi na sahani ya chakula. Ushirikiano akainua kijiko, kijiko kikaishia njiani.

"Umejuaje kama sijala?"

"Si nimekuuliza, ukasema ndiyo?"

"Nimesema ndiyo."

"Basi kula, baba watoto. Kinapoa."

Hakula. Alikuwa amekumbuka swali la tisa. Ng'ambo waliliandika kavukavu: Je, unasumbuliwa na upweke? Yeye aliona ni utovu wa adabu kumvamia mzee wa watu namna hiyo, akalilainisha: Husumbuliwi na upweke? Aliandika hata tanbihi ya mistari sita kuhusu adabu katika lugha yetu, profesa akamvisha kilemba cha ukoka, naye akakivaa wiki nzima. Sasa mzee asiye na upweke angejibu nini? Ndiyo. Ndiyo, sisumbuliwi, kama yeye mwenyewe sasa hivi alivyosema ndiyo, sijala. Vijana wa chuo wakatia alama penye ndiyo, na mashine ya ng'ambo ikahesabu kila ndiyo kuwa ni mpweke. Wazee walisema hawajambo, wao wakawaandikia maombolezo. Na somo hilohilo la kujibu maswali ya kukanusha yeye hulifundisha mwaka wa kwanza, wiki ya tatu, na kila mwaka kuna anaowafelisha.

Njiani kurudi chuoni alijitetea vizuri sana. Nani atajua? Ijumaa si kesho kutwa tu? Cheo kwanza, masahihisho baadaye. Alijisikiliza kwa makini, akaridhika kwamba ana hoja nzito.

Kikaoni aliketi pamoja na mkuu wa kitivo mbele ya kioo cha kompyuta. Profesa wa ng'ambo akatangaza habari njema: wanafunzi wataanza kuwatembelea kila wiki wazee wote waliosema ndiyo.

"Wale thelathini na wawili waliosema hapana tutawaacha," akasema. "Wao wako salama."

Hoja nzito za Ushirikiano zilimkimbia zote kwa mpigo.

"Hao ndio wapweke," akasema. "Hao tu."

Akaeleza, na hawakumwelewa. Akamwomba profesa ajibu: hujala, na mtu anakuuliza, hujala? "Hapana," akasema profesa. "Ndiyo," akasema mkuu wa kitivo, wakati uleule. Wakatazamana kupitia kioo, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

"Ina maana hukulijaribu swali hili kabla?" akauliza profesa, kwa Kiingereza chake.

Mtaalamu wa lugha akafungua mdomo. Ndiyo? Hapana? Kwa lugha ya nani? "Sikulijaribu," akasema mwishowe, akaona aibu ikimpanda hadi masikioni.

Makala iliondolewa siku hiyohiyo. Mkuu wa kitivo aliahirisha faili lake la cheo, kwa upole uliouma kuliko matusi. Ushirikiano akapewa kazi ya kuchambua upya hojaji zote mia nne, moja baada ya nyingine, atoe zenye hapana.

Ya kwanza kuitoa ilikuwa namba saba. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. Alikuwa amemhoji mama yake.

Alikumbuka vizuri. Aliketi kwenye kochi la mama, karatasi gotini, akauliza swali la tisa. "Hapana, mwanangu," mama akasema, akanyamaza kidogo, kama anayengoja aulizwe tena. Yeye akatia alama, akafurahi kwamba kwao hakuna tatizo, akanywa chai akaondoka. Siku ile alikuwa akimsikiliza mama yake kwa Kiingereza. Aliinamisha kichwa juu ya karatasi, akalia.

Hakungoja kumaliza boksi la hojaji. Alimkuta mama uani, akianua nguo chache za mtu mmoja.

"Umesahau kitu?" mama akauliza.

"Nimekuja tu, Mama."

Mama akamtazama, akautazama na mkoba wake, uliovimba kuliko siku zote. Akakunja shuka polepole, pembe kwa pembe.

"Huondoki leo?"

"Ndiyo, Mama."

Mama hakuuliza tena. Akaingia ndani na lile shuka, kwenda kutandika kitanda cha chumba cha nyuma.