Ncha ya Ushungi

Sanamu hutengenezewa aliyekufa. Ndivyo nilivyojua mimi, na ndivyo anavyojua kila mwenye akili timamu hapa Mtwara. Kwa hiyo wanafunzi wangu wa zamani walipokuja nyumbani Rahaleo kuniambia wananichongea sanamu ya kusimama mbele ya ukumbi wa mji, niliwauliza wamesikia wapi kwamba nimekufa. Wakacheka. Mimi sikucheka.

"Tunakuenzi ungali hai, Mwalimu," alisema Lucy, msemaji wao tangu darasani. "Ukishakufa utaionaje?"

"Acheni kunichuria," nikawaambia.

Wanasema wananishukuru. Nilifundisha Kiswahili, lakini baraza yangu niliwaachia wachongaji, wachoraji na wapiga ngoma. Wazazi walipolalamika kwamba nawalea wahuni, nilipita nyumba kwa nyumba nikigombana nao. Mdomo ninao, sikatai.

Uchuro ningeuvumilia. Kilichoninyima usingizi ni kaka yangu Hemedi. Katika watoto wa mama tumebaki sisi wawili tu. Hemedi analima korosho na mihogo kule Madimba, mtu wa swala tano, na ukutani kwake hakuna hata kalenda yenye sura ya mtu. Habari zilipomfikia alinipigia simu. Hakupandisha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Hadija, wanakuchonga kama kinyago?"

"Wananishukuru, kaka."

"Wakushukuru kwa dua. Mimi sanamu lako sitalitazama. Na siku litakaposimama, usinihesabu ndugu."

Kaka yangu si mtu wa kutishia bure. Aliwahi kuapa kutomsemesha jirani yake, na jirani akazikwa hawajasemezana.

Nikaenda kwa Erasto, mchongaji, kumwambia aache. Huyu nilimtetea mbele ya baba yake mzazi, aliyetaka aachane na tindo akashike jembe. Nilimkuta amelifunika gogo la mpingo kwa gunia, macho mekundu kwa vumbi.

"Usiangalie bado, Mwalimu," akasema. "Tangu nianze hii sijagusa kazi nyingine."

Nikauma ncha ya ushungi wangu, nikamuuliza kama amekula. Hiyo ni tabia yangu nikiwa na wasiwasi, nimeirithi kwa mama. Hemedi alipokuwa kijana alivuka mto Ruvuma kutafuta maisha, vita vya ng'ambo vikamzuia kurudi. Mama akawa kila mara anakwenda Kilambo, anasimama kivukoni jua la utosi, ameuma ncha ya ushungi, anatazama maji. Siku Hemedi aliporudi alimkuta hivyo hivyo. Picha ya mama hatuna hata moja.

Nikatoka kwa Erasto bila kusema nilichokwenda kusema. Nimfurahishe nani, nimpoteze nani?

Siku yenyewe nilikaa mbele na kanga mpya. Watu walihutubia, sikusikia kitu. Nilikuwa natafuta kofia moja tu katika umati ule. Nikaiona. Hemedi alikuwa amekaa mwisho kabisa, kiti amekigeuza, sisi sote ametupa mgongo, uso wake uko barabarani. Nikajua amekuja kunikana mbele ya mashahidi.

Kitambaa kikavutwa. Watu wakapiga makofi, kisha wanafunzi wangu wakaangua kicheko, wengine huku wakifuta machozi. Erasto alikuwa amenichonga kama nilivyokuwa nikisimama dirishani siku za mitihani yao, macho mbali, ncha ya ushungi kati ya meno. Yule hakuwa mimi.

Niliwaacha na makofi yao, nikamfuata kaka yangu nyuma kule.

"Nilisema sitalitazama," alisema kabla sijafungua mdomo. "Silitazami."

"Sawa, kaka."

"Wanacheka nini?"

"Amenichonga nimeuma ncha ya ushungi."

Nikangoja anikane, yaishe. Vidole vyake vilikuwa vinazungusha tasbihi bila midomo kutaja kitu.

"Na macho?" akauliza.

"Yanatazama mbali. Kama mtu anayengoja chombo kivuke."

Shingo yake ilianza kugeuka, kisha ikarudi. Akavuta pumzi. Nami bila kujua nilikuwa nimeshauma ushungi wangu.

"Hadija."

"Labeka, kaka."

"Hapo walipomweka pana kivuli?"

"Hapana. Jua tupu."

Akafuta uso kwa kiganja, macho yake bado yako barabarani.

"Waambie wanafunzi wako wamwezekee paa," akasema. "Mama alishanisimamia juani vya kutosha."