Zamu ya Mume Wangu

Chama chetu cha wajamaa wa mkoa kilizaliwa katika chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mume wangu alikuwa katibu. Mimi nilishona bendera. Sharti la kwanza walilopitisha halikuwa la ardhi wala mishahara: kila mwanachama atafagia ofisi kwa zamu, mwenyekiti naye. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Wanaume wale makwao hawakujua hata ufagio unakaa wapi!

Tulishinda viti vya halmashauri, tukajenga zahanati, kisha serikali ikatupiga marufuku. Mume wangu walimkamata siku ya zamu yake, ufagio mkononi, akiwa amefika dirishani.

"Usifagie, mama watoto," aliniambia akitolewa. "Nikirudi nitamalizia."

Hakurudi. Marufuku ilipoondolewa tulikifufua chama, na kila zamu yake ilipofika hakuna aliyegusa ufagio. Tulikutana hivyo hivyo na vumbi letu, tukipiga chafya kwa heshima.

Jana ilikuwa zamu yake. Mwenyekiti, fundi viatu tuliyezeeka naye, akaleta hoja: tujiunge na chama kikubwa cha taifa na turudishe chumba kwa mwenye nyumba. Kwetu hakuna kupiga kura. Tunazungumza mpaka wote wakubali. Wenzangu wakakubali mmoja mmoja. Mimi nikatia ngumu.

"Shemeji, tumebaki wachache, hata viti vinatuzidi," alisema.

"Mkifunga ofisi, zamu yake ataimalizia wapi?"

Fundi viatu akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Na yeye angekuwepo leo, shemeji, angesemaje?"

Swali hilo lilinichoma kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Angekuwa wa kwanza kukubali, na angenitania kwamba chama ni watu, si kuta. Nilimkasirikia, yeye na chama chake. Nikamtamani pia, sauti yake, na harufu ile ya sabuni kwenye shati lake, mpaka machozi yakanitoka mbele za watu.

"Nimekubali," nikasema, nikainuka kuchukua ufagio pembeni.

Fundi viatu akanyoosha mkono anipokee.

"Acha, shemeji," nikamwambia. "Zamu hii ni ya nyumbani kwangu."

Wakasogeza viti. Nikaanzia dirishani, alipoishia.