Mama wa Kuandikwa

Gozbert aliliandika jina mara ya tatu, na mara ya tatu likatoweka. Kwenye kioo cha kompyuta yakabaki maneno yaleyale: amesharudi Burundi.

"Lakini mimi niko hapa, kaka," Butoyi alisema.

Alikuwapo kweli, kasimama mlangoni mwa ofisi ya kambi, na nje lori la mpakani linanguruma; asiyeandikwa hapandi. Ndio mwaka kambi za wakimbizi za Ngara zilipokuwa zikifungwa. Pacha wake, Bukuru, aliyemtangulia kuzaliwa, alivuka na mama yao wiki iliyopita, Butoyi akiwa amelazwa hospitali na malaria. Tangu hapo mashine inamkana na posho yake imekatwa. Hata kwenye foleni watu walishaanza kumkwepa, wakinong'ona kwamba mtu asiyeandikika huenda si mtu.

Gozbert aliujua ugonjwa wa mashine. Programu ile ilikuwa huria, inatungwa bure na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, naye mmoja wao. Watoto wa mama mmoja waliozaliwa mwaka mmoja iliwahesabu mtu mmoja. Ebo, aliyeitunga hakuwahi kusikia mapacha? Mwenzao aliyekuwa akiitunza sehemu ile alishaaga: kapata kazi ya mshahara, ana kichanga nyumbani. Gozbert mwenyewe angeirekebisha kwa siku mbili, ila kila akitoka ofisini alikwenda kijijini Murukulazo kufyatua matofali ya kuuza. Mkono mtupu haulambwi.

"Mzee, nilipe siku mbili tu niitengeneze," alimwambia Leonidasi, mkuu wa ofisi.

"Programu ya bure, halafu ulipwe? Si ulisema unajitolea? Fanya haraka, lori linaondoka."

Gozbert akamgeukia msichana. "Mwaka wako wa kuzaliwa umefungwa, siwezi kuugusa. Naweza kubadili jina la mama tu."

"Na huko ng'ambo watanipeleka kwa nani?"

"Wanatafuta jamaa kwa mashine hii hii. Wasipompata mama huyo, watakupeleka kituo cha yatima."

"Sasa Bukuru atakuwa mkubwa wa nani?"

Gozbert aliona aibu, akainamia kompyuta. Butoyi alilitazama lori, akajishika tumbo. Siku ya nne hiyo anakula kwa kuombaomba.

"Andika," alisema.

Jina lililomjia Gozbert lilikuwa la bibi yake, Speciosa, aliyezikwa zamani. Mashine ikalipokea papo hapo. Butoyi akapanda lori midomo ikimcheza, Speciosa, Speciosa, analikariri asije akalisahau mpakani.

Leonidasi akampiga Gozbert begani. "Si unaona? Bila hata senti, na inafanya kazi."