Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kwa miaka thelathini na tisa Katibu aliamini daftari lile la kumbukumbu za vikao limepotea, na Mungu amsamehe, alifurahi. Kumbe lilikuwa chini ya sanduku la mjane wa mwenyekiti. Sasa lilikuwa mbele yake, juu ya kitambaa cheupe, limefunguliwa ukurasa wa arobaini na moja, na mwandiko wake wa ujana umenyooka pale kama wa mtu asiye na dhambi.

Ofisi ya chama cha walimu ilikuwa imepakwa rangi upya na bado ilinuka. Viti vilivyoazimwa shuleni vilijaa mpaka barazani. Ukutani ilitundikwa picha ya marehemu, mwenyekiti wao wa zamani, na tai yake ile moja. Walimwita Bwana Hoja, kwa sababu hata chai ikichelewa aliuliza, "Nani analeta hoja?" Leo ofisi ilipewa jina lake, na ukurasa ule ungewekwa kwenye fremu chini ya picha. Kabla ya hapo ungesomwa. Na nani wa kuusoma kama si aliyeuandika?

"Katibu, usituchoshe," mwenyekiti wa sasa alimtania, mama mcheshi aliyewahi kufundishwa na marehemu. "Nenda moja kwa moja penye moto."

Penye moto palikuwa mstari mmoja, ule uliomfanya marehemu shujaa wao: Mwenyekiti alipendekeza mgomo uanze Jumatatu.

Uongo mtupu. Siku ile Bwana Hoja aliwasihi wasubiri wiki mbili, mitihani ya watoto ilikuwa mlangoni. Aliyeruka kitini na kupiga meza, "Jumatatu! Jumatatu hii hii!", alikuwa Katibu mwenyewe, kijana wa miezi minane kazini, hajathibitishwa bado, damu inamchemka. Ukumbi ukamshangilia, kura zikapigwa. Bwana Hoja akasema, "Kikao kimeamua, mimi ni wenu." Kijana alipokaa kuandika kumbukumbu ndipo hofu ikamshika. Akaliruka jina lake mwenyewe, akaandika mwenyekiti, akajiambia atarekebisha kikao kijacho.

Kikao kijacho kumbukumbu zilisomwa ili zithibitishwe, kama ilivyo desturi ya vikao. "Kuna masahihisho?" Bwana Hoja aliuliza, akamtazama Katibu, akangoja. Katibu akajitia hamnazo, anachonga penseli iliyokwisha kuchongoka. Bwana Hoja akatia sahihi. Baada ya mgomo tume ya nidhamu ililidai daftari, na mstari ule ukatosha. Bwana Hoja alifukuzwa kazi, akaishia kufundisha masomo ya ziada sebuleni kwake mpaka kifo. Katibu alithibitishwa, akapanda cheo, akastaafu na kukatiwa keki. Kila alipokwenda kumsalimu mzee wake huyo walizungumza mpira tu, na kila mara alirudi nyumbani ametota jasho.

Sasa alisimama. Akasoma waliohudhuria, akasoma ufunguzi. Alipofika kwenye mstari ule akaacha kusoma. Akavua miwani.

"Kuna masahihisho," alisema. "Si mwenyekiti aliyependekeza. Yeye alipinga. Nilipendekeza mimi, nikaogopa, nikaandika jina lake. Akafukuzwa kwa kosa langu."

Kisha mwalimu mmoja wa nyuma akapiga makofi. "Mnamwona? Hata leo anataka kumbebea mwenzake mzigo!" Wote wakasimama, wanashangilia. Mwenyekiti alifuta machozi, akamkumbatia.

"Jamani, nisikilizeni, nasema kweli!" Katibu alipaza sauti. Wakazidi kupiga makofi. Alikuwa amejikaza kusema ili apigwe mawe, na wao wanamvika kilemba.

Mjane peke yake hakupiga makofi. Watu walipotoka barazani kupiga picha alibaki mezani, mkono juu ya daftari.

"Shemeji, yale uliyosema ni kweli au ni hotuba?"

"Ni kweli, shemeji."

"Aliwahi kuniambia. Mara moja tu, wiki ile aliyofukuzwa. Mama watoto, akasema, mimi sikuutaka mgomo ule. Nikaenda nikalichukua daftari ofisini kwenu nikamwekea mbele. Nikamwambia, hii hapa, na sahihi yako hii. Umeitupa kazi yako kwa kutaka sifa, halafu unanidanganya mimi."

"Akasemaje?"

"Akalifunga. Hakulitaja tena. Nikalificha mimi, na kila tulipokosana nilimtajia. Hata hospitalini, shemeji. Hata hospitalini nilimwita mwongo."

Katibu alikuwa ameipima hatia yake miaka yote hiyo: kazi ya mtu, cheo cha mtu. Ndani ya nyumba hakuwahi kuchungulia.

Mjane akafungua mkoba, akatoa kalamu. "Andika."

Aliandika pembeni mwa mstari, polepole: Si mwenyekiti. Ni katibu. Halafu, kwa mazoea ya miaka, akaligeuza daftari upande wa pili wa meza ili mwenyekiti asome na kutia sahihi. Upande wa pili alikuwa amekaa mjane peke yake, analia.