Nyumba Iliyoufuata Mpapai

Jumapili aliyochukuliwa Zabron, mkewe Bibiana alikuwa na sufuria ya mchicha wa nazi jikoni. Zabron alipanda gari la polisi akiwa na shati la kanisani na kandambili, akamwambia asiifunike mboga, angerudi kabla haijapoa. Bibiana hakuifunika. Jioni aliwamwagia kuku.

Asubuhi hiyo walikuwa wamekwenda ibada ya kwanza badala ya ya pili, kwa kuwa Zabron alitaka kuwahi Moa kumwona mgonjwa. Kijana mmoja aitwaye Sele, mtoto wa Bi Semeni muuza bajia, hakulijua hilo. Alizoea kuiona nyumba yao ya Usagara ikiwa imefungwa kila Jumapili mpaka karibu na adhuhuri. Walipofungua mlango walimkuta jikoni, mtungi wa gesi begani. Zabron alichukua mchi wa kinu akampiga nao bega la pili. Sele aliutua mtungi chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuharibu kitu, kisha akatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Bibiana akapiga yowe.

Mtaani kwao yowe huitikiwa. Ukilisikia unatoka na ulichonacho mkononi, na aliyekuja kwa yowe lako humtaji kwa mtu, iwe askari, iwe padri. Basi majirani walitoka na vilivyokuwapo: mpini wa jembe, tofali, kipande cha bomba. Sele alifika kwenye mpapai ulio kando ya njia, akaanguka. Zabron alifika wa mwisho kwa sababu ya goti lake, na alipofika, naye alipiga.

Walipoacha, kila mtu aliangalia alichokishika. Mzee Uweso, jirani wa nyumba ya tatu, ndiye aliyesema kwanza. Aliwahi kuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, na watu walimsikiliza.

"Zabron, nisikilize vizuri. Mwenye nyumba ana haki yake. Mwizi kaingia kwako, umejitetea, sheria inakujua. Sisi tukitajwa tunakuwa kundi, na kundi halina nyumba. Sema ulikuwa peke yako, ndani."

"Ndani vipi, mzee, na mtu yuko hapa nje?"

"Wewe sema ndani. Saa nane unakula kwako."

Wengine wakaitikia kwamba ndivyo ilivyo. Kila mmoja alimjua mtu wa Pongwe aliyeachiwa siku ile ile kwa jambo kama hilo, ingawa hakuna aliyemkumbuka jina. Zabron akayasema kama alivyofundishwa. Askari wakayaandika, halafu wakachora ramani ya mahali: mlango hapa, mpapai kule, mwili chini ya mpapai.

Nyumba ilianza kusogea wiki hiyo hiyo.

Bibiana aliijua kwa kamba ya kuanikia nguo, iliyotoka kwenye nguzo ya upenu hadi kwenye mpapai. Ililegea, shuka zikagusa mchanga. Akaikaza, ikalegea tena. Nyuma ya nyumba, bomba la maji lilizidi kuwa mbali, na ndoo aliyokuwa akiibeba kwa pumzi moja sasa aliitua njiani. Vikombe viligongana kabatini kama lori linapopita. Fundi aliyeitwa alizunguka kuta zote asipate ufa. Akasema msingi ni mzima, unakwenda pamoja na nyumba, hana la kutengeneza. Mtendaji wa mtaa naye alikuja kuuliza kibali cha kuongeza jengo. Alipoona halijaongezwa hata tofali moja, aliomba maji ya kunywa, akaaga.

"Shikamoo, mzee," Bibiana alimwamkia Mzee Uweso alipompitia na gunia la mkaa, maana majirani hawakumwacha apungukiwe na kitu.

"Marahaba, Mama Innocent. Hii nyumba yako ikishika barabara ya Mombasa, pale mpakani Horohoro wataidai pasipoti."

"Haiendi huko."

"Inakwenda wapi?"

Bibiana aliutazama mpapai. Mzee Uweso naye akageuka akautazama, akaacha kucheka. Alilitua gunia upenuni na kuondoka bila kungoja arudishiwe likiwa tupu.

Nyumba iliufikia mpapai mvua za vuli zilipoanza. Ukuta wa sebule ulisimama ukigusana na shina, na pale alipoangukia Sele pakawa ndani. Sakafu ya saruji ilikuwa imefunguka pahali hapo ikaacha udongo, kipande kirefu kama mtu aliyejikunja. Bibiana alikifagia, kikabaki vile vile. Alitandika mkeka, kisha juu ya mkeka akavuta kochi.

Siku ya kutembelea mahabusu alimpa mumewe habari hiyo kupitia wavu.

"Imefika, Baba Innocent."

"Imefika wapi?"

"Kwenye mpapai. Pale pamekuwa sebuleni."

Zabron alikuwa amekonda, na mashavu yalimfanya afanane na marehemu baba yake.

"Basi sikusema uongo," alisema. "Nenda kawaambie."

Bibiana akaenda. Mpelelezi alikuwa mtu mpole, mwenye mafua. Alikuja na utepe wake, akapima kutoka mlangoni, akasogeza kochi na mkeka, akapiga magoti kwenye udongo na kupapasa.

"Ni kweli," alisema. "Hapa ni sebuleni."

"Kwa hiyo alifia ndani."

"Mama, alifia pale ramani inaposema. Lakini tuseme nakubali, tuseme alifia ndani." Akapenga kamasi, akaomba radhi. "Nyumba si kibali. Mtu akikuingilia una haki ya kumzuia, una haki ya kujiokoa, wala sikatai ule mchi wa jikoni. Lakini akishaanguka, mikono mitupu, anaomba, anakutisha kwa lipi tena? Hilo ndilo jaji atakalouliza. Atauliza hata kama aliangukia kitandani kwako."

Bibiana aliuokota mkeka akaukung'uta.

"Na jambo lingine. Daktari kasema majeraha yale si ya mkono mmoja. Nani wengine?"

Dirisha la sebule lilikuwa wazi. Kwa kuwa nyumba ilikuwa imesogea, sasa lilitazamana na njia, na njiani walikuwa wamesimama Mzee Uweso na majirani wengine, kila mtu na shughuli yake ya kusingizia. Mmoja alikuwa amebeba ndoo ya maji ya Bibiana. Waliitikia yowe lake. Yeye ndiye aliyewaita.

"Kulikuwa na vumbi," Bibiana alisema.

Mpelelezi aliukunja utepe. "Vumbi," akasema, akaandika.

Ijumaa iliyofuata Bi Semeni alikuja. Tangu mazishi alikuwa akija kila Ijumaa baada ya swala, anasimama chini ya mpapai, anamsomea mwanawe Yasini, anaondoka bila kumtazama mtu. Siku hiyo aliukuta ukuta. Aliuzunguka polepole, akiugusa kwa kiganja, mpaka akatokea mlangoni.

"Hodi."

"Karibu. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimepatafuta pale pangu, sipaoni."

"Pako huku ndani. Pita."

Bibiana alivuta kochi akaukunja mkeka. Bi Semeni aliketi sakafuni, akasoma mpaka mwisho, akajifuta uso. Hakuinuka.

"Mwizi alikuwa mwizi, simfichi," alisema. "Hata mimi aliniibia redio. Nikamshika, nikamcharaza na mwiko wa ugali mpaka ukavunjika. Akalia. Nikaacha." Alinyoosha kanga magotini. "Hapa alilia?"

"Alilia."

"Akasema nini?"

Bibiana alikuwa amesimama na mkeka mkononi.

"Alisema mtungi kauacha jikoni."

Bi Semeni aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelezwa njia.

"Waliomwosha wanasema mkono mmoja haufanyi vile," alisema.

"Chai ipo, mama," Bibiana alisema.

"Situmii sukari mimi, nimekatazwa."

Akamtilia bila sukari. Nje, Mzee Uweso alipita dirishani, akawaona wanawake wawili na udongo katikati yao, akawatolea salamu. Wote wawili wakaitikia.

Nyumba haijasogea tena. Mpapai umezaa, na mapapai hugonga bati yanapodondoka. Bi Semeni huja kila Ijumaa, na kochi sasa linakaa ukutani moja kwa moja, kwa sababu Bibiana amechoka kulivuta. Kesi ya Zabron ilitajwa tena juzi. Hakimu aliuliza, wakili wa serikali akasimama akasema upelelezi haujakamilika, ikaahirishwa.