Tangazo la Saa Tano

Jumamosi ile Paulina alikuwa anamsuka mama yake uani, nyumbani kwao Mkonze, simu ilipolia mlio ambao hakumwekea mtu yeyote. Ulikuwa mlio wa mlima. Ofisi yao pale Dodoma mjini ilifuatilia volkano ya Ol Doinyo Lengai, karibu kilomita mia nne kaskazini, kwa vipima mitetemo vilivyofukiwa kuuzunguka mlima. Mtambo ukiona jambo lisilo la kawaida, humtumia ujumbe aliye zamu.

"Unaniacha na nusu kichwa?" mama yake aliuliza.

"Nisamehe, mama. Nawahi ofisini."

Alipofika alifungua kompyuta. Kwa kawaida mlima ule ulitikisika mara kumi kwa siku, tena kidogo mno, watu wasihisi. Tangu alfajiri ulikuwa umetikisika mara sitini na mbili. Ardhi ya upande wa magharibi ilikuwa imevimba. Na kituo cha tatu, kilicho karibu zaidi na kilele, kilikuwa kimenyamaza kabisa. Labda betri imekufa. Labda fisi ametafuna waya, ilishawahi kutokea. Labda si fisi.

Tangazo la tahadhari lilihitaji majina mawili, lake na la mkuu wake, mzee Methusela, ambaye siku hiyo alikuwa msibani Bahi. Alimpata kwa simu mara ya nne.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema haraka, tunaelekea makaburini."

Alimweleza.

"Paulina, umesahau mwaka juzi?"

Hakuwa amesahau. Mwaka juzi aliandika tangazo, watu mia tatu wakahama na mifugo, mlima usifanye lolote. Ndama walikufa kwa kiu njiani. Diwani wa huko, Mheshimiwa Gabrieli, alisema redioni kwamba wataalamu wa Dodoma wanapiga ramli.

"Tusubiri picha za satelaiti Jumatatu," alisema Methusela, akakata.

Paulina alizunguka meza. Kisha akampigia Mwalimu Anastazia, mkuu wa shule iliyo chini ya mlima, ambaye ofisi ilimpa kipimajoto cha kupimia maji ya chemchemi kila asubuhi.

"Leo maji yamepanda nyuzi sita," mwalimu alisema. "Yananuka kama kiberiti. Mbuzi wamegoma kunywa."

"Kilele unakionaje?"

"Kina wingu, sioni kitu. Lakini nikuulize, dada. Ungekuwa hapa na wanao, ungefanyaje?"

Paulina alitazama mstari wa mitetemo uliokuwa ukirukaruka kwenye kioo cha kompyuta.

"Nisingengoja hata chakula cha mchana."

"Basi tuandikie hivyo hivyo."

Alimpigia tena Methusela. Nyuma yake zilisikika sauti za wanawake wakiimba wimbo wa maziko.

"Mzee, siwezi kungoja Jumatatu. Nikikosea, mniondoe kazini."

Alisikia mzee akivuta pumzi, kisha nyayo zikijitenga na watu. "Nisomee ulichoandika."

Alimsomea.

"Umewaambia wahame, hujawaambia waende wapi. Upepo unaelekea magharibi. Andika waende mashariki, na uandike kwa majina ya mahali wanayoyajua wao. Halafu weka jina langu."

Tangazo lilitoka saa tano kamili. Viongozi wa vitongoji walilipata kwa simu, redio ya huko ikalisoma kwa Kiswahili na Kimaasai.

Kisha mlima ukatulia. Saa saba ulitikisika mara nne tu, saa nane mstari ukalala kama uzi uliovutwa. Paulina alinunua chipsi, zikapoa mezani. Alijua utulivu wa namna ile ulikuwa na maana mbili: ama hatari imepita, ama njia ya moto imeziba na nguvu inajikusanya chini. Ipi kati ya hizo, mtambo haukusema.

Diwani Gabrieli akapiga.

"Binti, watu wako barabarani na watoto mgongoni, na mlima uko kimya. Wanaume wanataka kurudi kufuata ndama waliowaacha. Niwaambie nini?"

Alitamani kumpa jibu la uhakika.

"Mheshimiwa, sijui utalipuka saa ngapi. Sijui hata kama utalipuka. Ila nakuomba usimruhusu mtu kurudi leo."

"Hujui," diwani alisema taratibu, simu ikakatika.

Saa tisa na nusu mstari ulinenepa ghafla, ukajaza kioo chote. Paulina alisimama, kiti kikaanguka. Simu ya Anastazia iliingia kwa mikwaruzo: "Umelipuka! Moshi umepanda mpaka juu kabisa! Mawe yanaanguka upande wa magharibi, kule kwenye maboma!"

"Watu je?"

"Wako nasi huku mashariki. Karibu wote."

Neno hilo la "karibu" lilimkaa kichwani mpaka Jumapili mchana, hesabu ilipokamilika. Watu mia nne na kumi na wawili walikuwa salama. Diwani alisimama njiani mwenyewe na fimbo, akawarudisha vijana. Mzee mmoja, Elisha, alimpita kwa njia ya korongoni kufuata ndama watatu. Walimkuta chini ya majivu.

Jumatano Paulina alifika huko na betri mpya ya kituo cha tatu. Kabla ya kupanda mlimani alikwenda kutoa pole. Mjane wa Elisha, Josephine, alikuwa amekaa juu ya gunia la unga wa msaada. Alipokea mkono wake, hakulia.

"Mume wangu alisikia tangazo," alisema. "Alilisikia vizuri tu. Ndama walikuwa wa mjukuu wetu."

Paulina akachutama mbele yake.

"Ng'ombe waliobaki hawana majani huku," mama yule aliendelea. "Tutarudi lini?"

"Bado, mama. Nipe wiki mbili niusikilize mlima."

Josephine alitikisa kichwa kukubali, akaanza kufungua gunia.