Wanunuzi wa Jumamosi

Sikuwa na nia ya kuuza nyumba. Nalisema hilo mapema, asije mtu akaanza kunipa pole za bure. Nyumba ilikuwa yangu, hati iko kabatini, magoti bado yananibeba, na mto uko pale pale chini ya baraza, unapita zake kama ulivyopita miaka thelathini na moja tangu marehemu mume wangu, fundi wa injini za maboti, aliponiambia, "Mke wangu, hapa ndipo tutakapozeekea." Yeye akazeeka kidogo tu, akafa. Mimi nikaachwa nimalizie.

Shida yangu ilikuwa watu. Nilipokea simu hospitalini kwa miaka ishirini na tisa. Kutwa nzima mkonga wa simu sikioni: huyu anatafuta wodi ya wazazi, huyu anamtaka daktari wa meno, yule amekosea namba halafu ananitukana mimi. Nikirudi nyumbani namwambia mume wangu, "Leo usinisemeshe, masikio yamechoka." Mungu anisamehe. Nilipostaafu, na baada ya mazishi, ilipita wiki nzima sijatamka neno ila kumfukuza paka wa watu jikoni. Mwanangu ni mmoja tu, anaishi mbali. Hupiga simu kila Jumapili, dakika tatu, na mbili kati ya hizo ni "unanisikia? unanisikia?" Akiuliza hali namwambia niko salama. Ningemwambia nini? Mtu mzima na mvi zake aseme anaona upweke? Hata aibu haina pa kukaa.

Na majirani, msiniulize. Ukingo wetu una nyumba kumi na nne, tisa zina kufuli. Matajiri wa mjini hununua nyumba ya mtoni ili waseme wana nyumba ya mtoni, basi. Huja mara moja kwa mwaka, hupiga picha barazani, hupigwa na mbu, hurudi zao.

Ndipo akaja dalali. Mwanamke wa makamo, mwenye shada la funguo kiunoni utadhani askari wa gereza, nikampa jina Bi Funguo hata kabla hajaketi. Alikuwa anapita kila geti kuuliza nani anauza. "Shikamoo mama. Nyumba za mtoni siku hizi zinatafutwa kama dawa. Wewe hujafikiria?"

Nilikuwa na "hapana" yangu mdomoni tayari. Lakini alikuwa ameshavuta kiti, ameshanisimulia foleni ya benki na mumewe anayekoroma, na nikaona wazi kwamba nikisema hapana atanyanyuka aondoke. Nikasema, "Nitafikiria. Kwanza walete watu waione."

Ndivyo nilivyoanza.

Wakawa wanakuja Jumamosi, kuanzia saa nne asubuhi. Bi Funguo alikuwa na kanuni zake. Madirisha yafunguliwe yote, unyevu utoke. Mashuka yaanuliwe. Tena, kubwa kuliko zote, mwenye nyumba asiwepo. "Mteja akikuona, mama, anaona haya kufungua kabati. Wewe nenda hata sokoni."

Niende sokoni nikafanye nini, na watu wanakuja kwangu? Nilibaki. Nikatandika kitambaa, nikachemsha chai, nikatoa vile vikombe vya sahani ambavyo nilikuwa nimesahau vina maua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi nilipona kila Jumamosi kuanzia saa nne hadi saa saba.

Tatizo ni kwamba mnunuzi anaweza kununua. Basi nikawa nawaaga kwa ukweli. Sikuongopa hata neno. Niliuchagua tu ukweli kama mtu anavyochagua mchele. Maharusi wapya niliwahadithia mbu. Mhasibu mstaafu nilimpeleka stoo nikamwonyesha alama ya mafuriko ukutani, hapa, juu ya goti, mwaka tulipolaza godoro juu ya kabati na sisi juu ya godoro. Mama mmoja mwenye kisukari nilimshusha ngazi za kwendea majini, zile za mawe, zenye ukungu, nikampandisha tena polepole. Alipofika juu hakuwa anataka nyumba, alikuwa anataka maji ya kunywa. Lakini kabla ya kuondoka walikuwa wamekunywa vikombe viwili, wamecheka, wamenisengenyea mawifi zao. Wiki nzima iliyofuata nilikuwa na cha kukumbuka.

"Mama," Bi Funguo aliniuliza siku moja, "unauza nyumba au unaitangazia vita?"

"Nataka anunue mtu anayejua anachonunua," nikamjibu. Akashika kichwa.

Jumamosi ya saba akaleta msafara. Muuza rangi, mwanamume mnene mwenye madoa ya kijani kwenye kucha. Mkewe. Mama yake mkewe, bibi mzima aliyeshikwa mkono. Na watoto watatu. Nyumba ilijaa! Mdogo wao, msichana wa miaka kama mitano, hakufunga mdomo tangu getini: hii ni nini, yule kwenye picha ni nani, kwa nini mto hauishi? Nikamwita Kasuku. Akalipenda jina hata akakataa la kwao.

Nikaanza kazi yangu. Nikawaonyesha ile alama stoo. Muuza rangi akapapasa ukuta: "Hii ni kuipaka rangi mara mbili tu, mama, imekwisha." Nikataja mbu. Mkewe akacheka. "Kwetu mbu ndio wenye nyumba, sisi wapangaji wao." Nikasema ngazi zinateleza. Yule bibi akasema yeye hana haraka ya kwenda popote. Ikabidi nitoe silaha ya mwisho. Nilipoulizwa bei niliipandisha pale pale, nikatia nusu nzima juu yake, bei ya kumtoa mtu mbio. Chai ikampalia Bi Funguo.

Muuza rangi akamtazama mkewe. Mkewe akawatazama watoto waliokuwa wameketi ngazini wakitupa vijiti majini.

"Tutauza ile ya kwetu," mume akasema. "Tumekubali, mama."

Hapo ndipo ningesema hapana. Nafasi ilikuwepo, pana kabisa. Lakini Kasuku alikuwa amekuja kunivuta gauni. "Bibi, tutakuja tena lini?" Na mimi, domo langu hili lililokuwa limeshinda kimya kabla ya Jumamosi hizi, nikalisikia linasema, "Njooni wakati wowote. Mtakuja kupima mapazia, si ndiyo?"

Tukapeana mikono. Wote sita.

Wakaja. Eee, wakaja! Wiki tatu walikuwa wanaingia na kutoka kama kwao. Mke alikuja kupima madirisha, nikamshikia utepe. Muuza rangi alikuja na seremala kuangalia mlango wa nyuma, wakabishana saa nzima juu ya bawaba moja. Bibi aliachwa kwangu mchana kutwa, tukakaa barazani tukawasema madaktari wote tuliowahi kuwajua. Watoto wakajifunza kupiga kelele chini ya sakafu ya gati la mbao la marehemu ili sauti irudi. Kasuku aligawa vyumba: "Hiki ni changu, hiki cha kaka, hiki cha bibi. Na wewe utalala wapi?" Nikamwambia, tutaona. Nilikuwa na furaha. Sina namna nyingine ya kulisema.

Nilijua kwamba kwao kumeshauzwa. Muuza rangi mwenyewe aliniambia, akinywa chai yangu, kwamba walipaswa kutoka kabla ya mwisho wa mwezi. Nilijua yote. Nikamwongezea sukari.

Ofisi ya wakili iko juu ya duka la viatu. Jumanne asubuhi tukakaa kwenye viti vya plastiki, feni ikizungusha joto lile lile. Muuza rangi alikuwa amevaa suti, amesugua kucha mpaka madoa yamepungua. Wakili akasoma: kiwanja, mipaka, upande wa mto hadi kwenye maji. Akanipa kalamu. Kalamu ilikuwa imefungwa uzi mezani isiibiwe.

Nikaona Jumamosi inayokuja. Wao pale barazani, na mimi kwenye chumba fulani mjini, cha kumwona jirani dirishani na nisijue jina lake. Nikaiweka kalamu chini.

"Nimebadili mawazo," nikasema.

Wakili akavua miwani. Muuza rangi akadhani ni utani, akaanza kucheka, akaacha. Mkewe ndiye aliyesogea mbele kwenye kiti chake. "Mama, kuna jambo tumekukosea? Sema tu."

Angenipiga kofi ningeona nafuu. Ukweli ulikuwa pale kooni, wenyewe kamili, mfupi. Nikaumeza.

"Hamjanikosea. Nimebadili mawazo tu. Nyumba ni yangu."

Bi Funguo alinishika mkono kwenye ngazi, hata shikamoo yake ya kila siku ilikuwa imeisha. "Ahadi ni deni, mama. Wale wameshauza kwao. Watalala wapi?"

"Wapange nyumba."

"Wapange! Watu sita, siku tisa!" Akanitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Wewe hukuwahi kutaka kuuza. Jumamosi zote hizi umenifanya mleta wageni wako. Lakini kwa nini?"

Akahangaika na shada lake la funguo mpaka akautoa wa kwangu, akautia kiganjani mwangu, akaenda zake bila kugeuka. Nilisikia zile funguo nyingine zikilia kiunoni mwake hadi kona.

Baada ya hapo hakuna aliyekuja. Jumamosi ya kwanza nilichemsha chai kwa mazoea. Ya pili nikachemsha kwa ukaidi. Ya tatu nilikwenda sokoni, nikazunguka, nikanunua nyanya nne nisizozihitaji. Muuza nyanya akaniambia kwamba familia ya muuza rangi inaishi kwa shemeji yao, watu sita chumba kimoja, na yule bibi kifua kimembana hasa. Hakujua anamwambia nani. Nikamlipa nikaondoka, chenji nikaiacha.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja nikasikia lori linarudi nyuma barabarani kwetu. Nikachungulia kwenye wavu wa dirisha. Nyumba ya tatu kutoka kwangu, mojawapo ya zile zenye kufuli, geti liko wazi, na Bi Funguo amesimama anaelekeza magodoro. Halafu nikasikia sauti ndogo inauliza, kwa nini mto huku ni mpana?

Jamani, moyo ulinipiga! Nikafikiri, basi, Mungu amenirudishia. Nikavua kanga ya jikoni nikavaa gauni, nikakaa barazani nionekane.

Hawakunitazama. Kila asubuhi watoto walipita mbele ya geti langu kwenda shule, na mkubwa wao aliwavusha upande wa pili wa barabara. Muuza rangi akinikuta njiani aliinamisha kichwa kwa adabu, macho mbele. Jioni nilikuwa nawasikia wakiogelea, kila neno, maana maji huleta sauti vizuri kuliko simu. Nilijua nani kaumia goti na nani kanyimwa zamu ya boya. Mume alipomwita mkewe mezani nilisikia. Mimi na wao tulitenganishwa na nyumba mbili tupu, na niliona wazi kwamba ile Jumanne nilikuwa nimejifungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumapili mwanangu akapiga. "Mama, unanisikia? Uko sawa?"

"Niko salama," nikasema. Tukaagana.

Jumatatu nikashindwa. Nilikuwa nimeandaa maneno wiki mbili, maneno mazuri, ya hati na ya urithi na ya mwanangu kutoafiki. Nikaenda mikono mitupu. Geti lao lilikuwa limepakwa bluu mbichi. Kasuku ndiye aliyekuwa uani. Akaniona, akaruka.

"Mama! Mama! Yule bibi wa uongo amekuja!"

Mtoto hakuwa na ubaya. Hilo ndilo jina langu nyumbani mwao, alilitoa kama wanavyolitumia.

Mke wa muuza rangi akatoka anafuta mikono. Akaona aibu, si yangu, yake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Geti hakulifungua, nami sikuligusa. Yale maneno ya hati na urithi yakanikimbia yote. "Nimekuja kuomba radhi. Sikuwa nauza nyumba. Tangu mume wangu afe nakaa peke yangu, na watu wakawa wanakuja kuiangalia, nami nikawa nawangoja. Nyinyi mlipokuja nikashindwa kuwaacha mwende. Basi. Hakuna sababu nyingine."

Nilitegemea anitukane. Ningelipokea tusi kwa mikono miwili. Akatazama majini, kisha akanitazama mimi.

"Siku ile kwa wakili nilikuuliza, mama."

"Uliniuliza."

"Si ungesema tu?" Hasira haikuwamo tena, na bora ingekuwamo. "Mbona tungekuja. Hii nyumba ilikuwa inauzwa tangu siku zile, kwa nusu ya bei yako. Tungenunua hii, mama. Watoto wangeshinda kwako. Tungekuja bila kununua chochote."

Ndani yule bibi akakohoa, kikohozi kirefu, akaita. "Ngoja nimwangalie mama," akasema, akaingia, na mlango ukarudi nyuma yake.

Kasuku alibaki ameshika vyuma vya geti, rangi ya bluu imemwingia viganjani. Akanikagua kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Unamngoja nani?" akaniuliza.

"Simngoji mtu," nikamwambia, nikaendelea kusimama.